Kusindikizana na Wifi Mpaka Barabara ya Malori

Niliporudi nyumbani kutoka hospitali huko Tororo, wifi yangu alinipokea kwa uji wa mzazi. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minane, na mtoto wangu wa mwisho ana ndevu. Lakini wifi alikuwa amekwisha kuamua. Mwanamke aliyelala katika wodi ya akina mama, akashonwa sehemu zile, akatoka humo akitembea kama kuku aliyenyeshewa, huyo ni mzazi, na mzazi hulishwa. Kwamba sikurudi na mtoto halikumsumbua. Alinikumbusha kwamba Biblia inaye bibi wa miaka tisini aliyechekea mlangoni pa hema, na bado akazaa.

Wifi huyu ni dada wa mume wangu. Aliolewa upande wa Kenya, akafiwa na mumewe, na siku hizi huvuka mpaka kila asubuhi na beseni la dagaa kuja kuuza soko la Busia, upande wetu wa Uganda. Alasiri hulijaza beseni lile lile maharage ya huku, akayapeleka kuuza kwao. Nyumba yetu iko nje kidogo ya mji, kwenye njia ya kwenda Lumino, kwa hiyo kupita kwangu ni kuzunguka, naye huzunguka. Kati ya mawifi kuna utani, nasi tumeutumia miaka arobaini bila kuumaliza.

Ugonjwa wangu nilikuwa nimeuficha muda mrefu. Kizazi kilikuwa kimeshuka. Nilizaa watoto saba, nikabeba maji, kuni na mihogo kichwani tangu nikiwa msichana kwetu Petta, na mwili ulichoka kimya kimya kutokea chini. Nilikuwa nafundisha katekisimu kanisani, ndiyo maana watu huniita Mwalimu, na mwalimu hawezi kusimama mbele ya watoto akaeleza jambo kama hilo. Kilichonitoa mafichoni ni magoti. Kila nilipopiga magoti na kuinuka, kitu nacho kilishuka. Mwishowe nikaacha kwenda mbele, na kwa miaka miwili kasisi aliniletea mkate na kikombe nikiwa nimekaa kwenye benchi, pamoja na mzee mmoja kipofu na mama mmoja aliyevunjika nyonga. Nilipokea kwa shukrani. Lakini nilipokea nikiwa nimekaa, na moyo wangu haukukubali kukaa.

Basi baada ya Mwaka Mpya nilipasuliwa. Daktari alikiondoa kizazi, akavuta nyama iliyolegea akaishona mahali pake. Kabla sijatoka wodini, alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mwenye umri wa wajukuu wangu, akaniita Jaja, jinsi bibi anavyoitwa huku kwetu. Aliniambia nisiinue kitu kizito kuliko birika la chai lililojaa. Nitembee kila siku, kidogo kidogo, nikiongeza hatua chache, na nikisikia uzito au maumivu chini nipumzike. Nikiinuka kutoka kwenye kiti nitoe pumzi, nisiibane. Kisha, bila kupepesa macho, akanieleza zoezi la kubana misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo akiwa mbali na choo: bana, hesabu mpaka tano, achia, pumzika, rudia. Akasema naweza kulifanya popote, hata mbele za watu, maana hakuna atakayejua.

Hapo alikosea. Jumapili ya kwanza niliyoruhusiwa kwenda kanisani nilibana wakati wa mahubiri. Nilifikiri uso wangu umetulia. Baada ya ibada mama mmoja alinishika mkono, machozi yakimlenga, akasema hajawahi kuona mtu akilisikiliza Neno kwa uchungu namna ile. Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, na nikaona mabega yake yakianza kutikisika. Tulipofika nyumbani alinibana mpaka nikamweleza. Alijaribu, akakodoa macho, akasema hiyo ni kazi nzito kuliko kubeba beseni. Kuanzia siku hiyo tukawa wawili. Tangazo lolote refu kanisani, la ujenzi wa choo au la mkutano wa wazee, mimi na wifi hatukulinung'unikia tena. Tulilitumia.

Nyumbani mzee wangu alichukua kazi ya maji. Kwa umri wake alifunga madumu mawili kwenye baiskeli na kuyasukuma kutoka kisimani, vijana wakimpisha kwa heshima na wanawake wakimwimbia. Aliendelea kusukuma. Jioni moja tu aliniuliza kama kwa miaka yote arobaini na sita kisima kilikuwa mbali hivyo. Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akaenda kuoga.

Sasa niseme juu ya chakula. Huku kwetu hakuna anayekwenda kumjulia hali mgonjwa akiwa mikono mitupu, na tayari wifi alikuwa ametangaza kwamba mimi ni mzazi. Wakaja kwa uji wa wimbi wenye siagi ya karanga, kuku wa mchuzi, samaki wa kukausha, ugali wa muhogo na mtama unaokaa tumboni kama jiwe la msingi. Ndugu zangu walitoka Petta na jogoo hai aliyekaa njia nzima kwenye mapaja ya dada yangu. Mgeni huketi akakuangalia unavyokula, na ukiacha anauliza kama umekasirika. Nilikula kwa upendo. Nilikula nikiwa nimelala, nikiwa nimeegemea, nikiwa nimeketi. Kazi sikufanya, maana nilikatazwa. Matembezi yangu yalikuwa kutoka kitandani mpaka barazani, ambako kulikuwa na chakula.

Habari ilitoka kwanza kwenye mshipi wa gomesi. Gomesi ni vazi letu la heshima, lenye mabega yaliyochongoka, na mshipi wake hufungwa kiunoni ncha zake zikaning'inia mpaka magotini. Siku ya kwenda kuonana na daktari niliufunga, na ncha zikaishia pale pale kwenye fundo, kama masikio ya mbuzi. Nilimlaumu fundi cherehani. Mizani ya hospitali haikumlaumu yeye.

Daktari wetu ni mtu mpole, huzungumza akitazama karatasi. Siku hiyo aliiweka karatasi chini.

"Mama, kazi yangu nimeifunga kwa uzi," aliniambia. "Usiiwekee gunia juu."

Akaeleza kwamba uzito huu wote unakandamiza pale pale aliposhona. Pakiachia, hawezi kuniahidi kwamba kwa umri wangu atashona tena. Nikamuuliza swali langu moja, kama nitaweza kupiga magoti mbele ya Meza ya Bwana na kuinuka mwenyewe. Aliinua macho. Alisema pakishika, na uzito ukashuka polepole bila kujitesa njaa, na miguu ikapata nguvu, basi tutaona wakati wa mavuno. Sikukuu yetu ya shukrani ya mavuno huwa Agosti. Hii ilikuwa Machi. Nikatoka nikiwa na miezi mitano na goti moja la kutafuta.

Nilimweleza wifi yote, nikitazamia angalau aone aibu kwa ule uji. Aliona, kwa muda wa kama nukta moja. Kisha akauliza nitatembeaje, maana anavyonijua nitatembea siku tatu na ya nne nitapata sababu ya Kibiblia ya kukaa. Ni kweli. Kutembea tu, bila ninapokwenda, kulinishinda. Mwanamke wa hapa akitembea bila mzigo, bila jembe na bila safari, watu huuliza nyumbani kuna nini.

Lakini kusindikiza mgeni, hilo hakuna anayeuliza. Mgeni akiondoka, mwenyeji humsindikiza. Ukiishia mlangoni umemfukuza. Unakwenda naye mkizungumza, na mwenye kusema "rudi sasa" ni mgeni, wala si wewe. Wifi ndiye aliyeliona. Siku ile ile alisimama, akasema anaondoka, na beseni lake akaliacha barazani.

Tulitoka. Tukapita ua wa minyaa, nikamngojea aseme nirudi. Hakusema. Alizungumza juu ya mama mkwe wake, marehemu, ambaye habari zake huwezi kuzimaliza. Tukafika kisimani, nikapumzika kwenye ukingo wa saruji. Hapo akasema, "Rudi sasa." Nikashukuru, nikageuka, nikamkuta bado yuko nami. Kumbe hawezi kuniacha nirudi peke yangu, mtu aliyepasuliwa. Akanisindikiza mpaka nyumbani. Na akiisha kunifikisha nyumbani amekuwa mgeni anayeondoka, na mgeni husindikizwa.

Sikumbuki nimecheka hivyo tangu utoto. Nililazimika kushika tumbo kwa mkono, kama nilivyofundishwa wodini, ili kicheko kisinivute kovu. Mzee wangu alikuwa ameketi akimenya maharage. Alituona tukitoka, tukirudi, tukitoka. Mara ya tatu aliinua kiti chake akakigeuza kuelekea ukutani.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Mwezi wa kwanza mwisho wetu ulikuwa kisimani. Baadaye kinu cha kusagia unga, ambako kelele ilitulazimu kusimulia mambo ya siri kwa kupaza sauti. Baada ya Pasaka tulifika barabara ya lami, pale malori yanapojipanga kungoja kuvuka mpaka, na kurudi. Wageni wengine nao niliwasindikiza, mmoja mmoja, na wakashangaa mapenzi yangu. Mama wa kanisa aliyekuja na kuku alirudi nyumbani miguu ikimuuma. Kuku nilikula kipande kimoja kisicho na ngozi, na vingine nikavifunga kwenye chombo chake, maana chombo cha mgeni hakirudi kitupu. Wakati mwingine mtu alirudi na kuku wake mwenyewe, akanishukuru. Ugali nilipunguza nusu, nikaongeza majani ya kunde, mchicha na maboga. Soda nilimwachia kasisi. Kila Jumapili nilifunga mshipi nikatazama ncha, na kila baada ya majuma kadhaa zilishuka kidogo, upana wa kidole, zikielekea magotini.

Madereva wa malori walitujua. Foleni ikikwama hukaa hapo hata siku mbili, na mtu aliyekwama huona kila kitu. Alasiri moja dereva mmoja, Mkenya, ambaye alikuwa ametuona tukipita mara nne, alishuka akatuuliza kwa adabu kama kuna kitu tumepoteza.

"Tunatafuta kilo za huyu wifi yangu," alisema wifi. "Alizidondosha njia hii hii. Ukizipata usizirudishe."

Dereva alicheka mpaka akashika tairi. Hiyo ilikuwa safari yetu ya mwisho siku hiyo, na wifi alikuwa na beseni la maharage kichwani, tayari kwenda kwao. Kicheko kilimshinda. Akaliteremsha beseni, akaketi juu ya kalvati akipangusa macho kwa ncha ya leso, nami nikaketi kando yake. Dereva akarudi kwenye gari lake, kwa sababu foleni ilikuwa imesogea. Wifi akasimama, akakunja leso kuwa ngata, akaiweka kichwani, akainama akashika ukingo wa beseni.

"Wifi, nitwike," akasema.

Huku kwetu hakuna mwanamke anayesikia neno hilo akakaa. Hata kama mmekosana, hata kama hamjuani, mtu akisema nitwike unashika upande wa pili, unamwinulia mzigo, ndipo unaendelea na safari yako. Nimelifanya tangu nikiwa na miaka mitano. Mikono yangu haikuniuliza. Nilishika, nikavuta, beseni likapanda, na lilipofika usawa wa vifua vyetu tulitazamana juu ya maharage, wote wawili tukajua.

Hatukuweza kuliachia. Likapanda mpaka kichwani. Kisha chini kabisa, upande wa kushoto, nikasikia kitu kikivuta, na joto. Nikaketi. Wifi alilitupa beseni. Maharage yalitapakaa barabarani mpaka chini ya malori, naye hakuyaangalia. Alipiga magoti mbele yangu akinishika miguu na kulia kwa sauti. Sikuwa nimemwona akilia tangu maziko ya mumewe. Alisema ameniua kwa kilo za maharage. Nilitaka kumtania, lakini na mimi niliogopa. Nilifikiria benchi lile, na mimi nikiletewa mkate pale nilipo, siku zote zilizobaki.

Nilikaa kitandani siku mbili nikingoja siku ya kliniki. Niliomba. Sikuomba nipone tu. Nilimwambia Mungu kwamba akitaka nikae, nitakaa, nitamsifu nikiwa nimekaa, lakini ajue tu kwamba nilikuwa napenda kupiga magoti. Maombi yangu mengine yote yana mpangilio mzuri, maana niliyafundisha. Hilo halikuwa nao. Siku ya tatu jirani alitupeleka Tororo kwa gari lake, polepole, na mwamba mkubwa wa mji ulipotokea mbele yetu nilijikuta nikibana na kuhesabu mpaka tano, kana kwamba nitausimamisha mwili wangu mahali pake kwa nguvu ya kubana tu.

Daktari alinipima kwa muda mrefu. Wifi alikuwa nje ya mlango, nikisikia ndala zake zikienda na kurudi, zikienda na kurudi. Hatimaye daktari akavua glavu, akasema misuli imevutika, itauma kwa siku chache, lakini uzi umeshika. Pia akasema misuli ile ina nguvu kuliko alivyotarajia kwa umri wangu, na akauliza nimekuwa nikifanya nini. Nikamwambia ukweli, kwamba kanisa letu lina matangazo marefu.

Wifi aliposikia, alitoka mpaka uani mwa hospitali akacheza. Mlinzi alimwomba aache. Hakuacha upesi.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya akina mama bila kuitwa, yeye wa upande wa Kenya, mgeni, akatoa amri. Mtu yeyote asiniambie neno "nitwike", hata kwa utani, hata kwa kikapu cha mayai. Na mtu yeyote atakayenikuta nimekaa barazani baada ya saa kumi alasiri, anipitie aondoke nami. Wakauliza kwa nini, na hapo, mbele ya akina mama thelathini waliofunga vitambaa vyeupe, wifi akaeleza kila kitu, pamoja na zoezi. Nilitazama sakafu. Nilipoinua macho niliona mstari wa mbele umenyamaza, nyuso zimekaza, wote wanahesabu. Wawili wakanijia faraghani baadaye, wakaniambia kwa kunong'ona kwamba na wao kimeshuka, nao wameficha. Niliwapeleka Tororo mwezi huo huo, na njiani niliwafundisha kukaa vizuri garini.

Agosti ikafika, na wimbi likavunwa. Daktari alinitazama mara ya mwisho kabla ya sikukuu, akasema magoti nipige, mzigo nisibebe tena maishani, na kutembea nisiache. Asubuhi ya shukrani nilifunga gomesi ya bluu, na ncha za mshipi zikagusa magoti yangu. Niliwaita wote wazione. Mzee wangu alizishika, akazipima kwa kiganja chake, akasema sasa nitafute za kujikwaa nazo.

Kanisa lilijaa. Wanawake waliingia wakicheza na mavuno kichwani, mikungu ya ndizi, vikapu vya wimbi, maboga, jogoo aliyefungwa miguu, nami niliingia kati yao nikicheza na mashuke matatu ya wimbi mkononi. Nilicheza polepole, miguu karibu na ardhi. Mashuke matatu hayajawahi kubebwa kwa fahari kama hiyo.

Wakati wa Meza ya Bwana, kasisi alianza kushuka kuelekea benchi letu kama alivyozoea. Nikasimama. Akaniona, akarudi juu, akasubiri. Nilitembea mpaka mbele, wifi ubavuni mwangu, nikashika ubao wa kushikia ulio mbele ya Meza kwa vidole viwili, nikashusha goti moja, kisha la pili. Sakafu ilikuwa baridi. Nilipokea nikiwa chini, mikono juu, na sikuona kitu kwa sababu ya machozi.

Kisha ikabidi kuinuka. Nikakumbuka msichana wa mazoezi, kwamba nitoe pumzi, nisiibane. Nikabana chini, nikasukuma kwa miguu, nikatoa pumzi. Sikujua kwamba nilikuwa nimehifadhi pumzi ya miaka miwili. Ilitoka kama tairi la lori. Mshumaa ulio karibu uliinama, ukazimika. Kanisa zima lilisikia. Nami nilikuwa nimesimama, kwa miguu yangu, na hakuna kilichoshuka.

Kasisi aliuma mdomo, akapita na kikombe. Niligeuka kumwonyesha wifi. Wifi alikuwa bado chini, ameficha uso kwenye ubao, mabega yakitikisika, miguu imeishiwa nguvu kwa kucheka. Alijaribu kuinuka mara moja, akashindwa. Akainua uso uliolowa, akanitazama, akanong'ona:

"Wifi, nitwike."

Nikaweka mikono yangu nyuma, nikafumba vidole, nikasimama hapo kando yake nikihesabu mpaka tano, mpaka akina mama wawili walipokuja wakamshika kwapa, mmoja huku na mwingine kule, wakamwinua. Tulirudi benchini tumeshikana mikono, tukiwa hatuwezi kutazamana. Na ibada ilipokwisha alisema anaondoka, nikasema nitamsindikiza.